Jina la Mgonjwa, Kisha Namba ya Kadi

Wodi ya Wanawake
Jumatatu, 4 Machi

Waya,

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu kwenye simu unasema "sawa dada" kabla sijamaliza sentensi, halafu unafanya unavyojua wewe. Karatasi utaisoma hadi mwisho. Nampa karani wa vifurushi, ataifikisha na basi la asubuhi.

Ule ufa wa ukutani umefika dirishani. Mhandisi alikuja, akaingiza kidole humo, akakitoa kimejaa chokaa, akasema watu watoke. Tangu jana tunahamisha wagonjwa kwenda hospitali nyingine, kila mmoja pale gari lilipopata kitanda. Jamaa zao wanakuja hapa wanakuta magodoro yamekunjwa.

Mganga Mkuu amepiga marufuku mhudumu yeyote kumwambia mtu kwa mdomo mgonjwa wake yuko wapi. Ana sababu. Mwezi uliopita mwanamume mmoja alijiita binamu wa mgonjwa, tukamwelekeza kitandani, kumbe ndiye aliyempiga. Kwa hiyo kila kitu kipite kwenye ule ukurasa ulioahidi. Tangazo nimeshalibandika getini, kwa mkono wangu: "Fungua anwani hii. Andika jina la mgonjwa, kisha namba ya kadi yake. Utaambiwa alipo." Usinibadilishie chochote, sina karatasi nyingine kubwa.

Mganga Mkuu alitaka kampuni, watu wa tai. Mimi ndiye niliyesema mdogo wangu anaweza. Usinivue nguo mbele za watu.

Dada yako

*

Juu ya duka la rangi
Jumatano, 6 Machi

Dada,

Shikamoo. Nimesoma hadi mwisho, hata pale ulipoandika neno baya ukalikata.

Ukurasa uko hewani. Mtu anaandika "wagonjwa" mbele ya jina la hospitali, vinafunguka visanduku viwili, jina na namba ya kadi, kama tangazo lako linavyosema. Nimejaribu hapa kwenye kompyuta yangu, umefunguka bila kusita.

Na kwa kuwa nilikuwa humo humo, nimejirahisishia maisha kidogo. Seva ina paneli yake ya kuiendeshea. Ifikirie kama chumba cha mitambo: mimi tu ndiye naingia, kwa jina langu na neno la siri. Anwani yake ni ndefu, ina tarakimu mwishoni, na kila siku naikosea. Vidole vyangu unavijua. Sasa nimefungua anwani fupi, "dawati". Ukiiandika inakuelekeza moja kwa moja hadi kwenye paneli, kwa njia salama iliyofungwa, mtu wa njiani hawezi kuchungulia. Na hata nikikosea herufi, bado itanifikisha.

Nimeweka na mlinzi. Si mtu, ni programu. Anayekosea mara tatu mlangoni, mlinzi anamfungia nje, na haongei naye tena.

Mwambie Mganga Mkuu watu wa tai wabaki na tai zao.

Waya

*

Juu ya duka la rangi
Jumatatu, 11 Machi

Dada,

Shikamoo. Kaa kwanza kabla hujaendelea.

Tumeshambuliwa. Tangu Alhamisi watu wanajaribu kuingia kwenye paneli kwa nguvu, na si mmoja wala wawili. Wanatumia mbinu ambayo sijawahi kuiona: badala ya majina ya kitaalamu ambayo wezi huyajaribu siku zote, wanaandika majina ya watu wa kawaida kabisa, jina la mtu, la baba na la babu. Wanajifanya wafanyakazi wa hospitali, nadhani. Mlinzi wangu amewafungia wote. Hakuna hata mmoja aliyepita.

Kuna mmoja king'ang'anizi. Anatumia jina la mwanamke mmoja tu. Akifungiwa anahamia mahali pengine, anaanza upya na jina lile lile. Leo asubuhi alikuwa upande wa gereji, mchana amehamia upande wa sokoni. Nilimwangalia hivi hivi kwenye kioo cha kompyuta huku nakunywa chai. Kila alipotokea nikasema, karibu, na kutoka ni huku. Nimemfungia eneo zima.

Nimemwandikia Mganga Mkuu taarifa fupi. Nilidhani utapenda kujua kwamba yule uliyemsemea yuko macho.

Waya

*

Wodi ya Wanawake, au kilichobaki
Jumatano, 13 Machi

Waya,

Mganga Mkuu ameisoma taarifa yako mara mbili, ya pili kwa sauti, mbele ya mhasibu. Kesho kutwa kwenye kikao cha wakuu wa idara atakutaja. Nilikuwa nimebeba beseni, nikaona hata beseni limekuwa jepesi. Huyo king'ang'anizi wako nimemcheka sana.

Jambo jingine. Watu wanalalamika kwamba ukurasa haufunguki. Mwenye steshenari mkabala na geti, ambaye jamaa za wagonjwa ndio wanaenda kwake kutumia kompyuta, jana alikamatwa shati. Wanamwambia mashine zake ni za kitapeli, kila mtu akiandika jina la mgonjwa wake anaambiwa si sahihi, halafu duka zima linakatika. Analia kwamba mashine zake ni nzima. Nimemwambia labda mtandao wake ni wa bei rahisi. Uangalie.

Kuna dereva mmoja wa lori anakuja hapa kila siku, anasimama kwenye korido mikono nyuma kama mwanafunzi aliyefukuzwa darasani. Namwambia kama ninavyowaambia wote: nenda kwenye mtandao.

Dada yako

*

Ijumaa, 15 Machi

Dada,

Shikamoo. Natumaini mgongo umepata nafuu na watoto hawajambo.

Ukurasa uko sawa sasa. Ilikuwa hitilafu ndogo ya njia, nimeinyoosha jana jioni. Wote waliokuwa wamefungiwa nimewafungulia. Mwenye steshenari ajaribu tena, na umpe pole.

Kuhusu kikao, kama hakijafanyika, naomba Mganga Mkuu asinitaje. Kazi yenyewe ni ya kawaida.

Samahani sikupokea simu. Nilikuwa na kazi za watu.

Mdogo wako

*

Jumatano, 20 Machi

Kwa Fundi wa kompyuta ya hospitali,

Hunijui. Anwani yako nimepewa na sista wa wodi ya wanawake. Hakutaka kunipa, nikakaa mlangoni kwake mpaka akachoka kunirukaruka. Mimi kuandika kwangu ni hati za mzigo tu, kwa hiyo nitasema moja moja.

Mke wangu ni mshonaji. Aliteleza kwenye ngazi za chumba chake cha kushonea, akavunjika mguu. Nilimwacha wodini akiwa na vyuma mguuni, nikaondoka na mzigo wa saruji, kwa sababu yeye mwenyewe alisema nenda, hapa nimekaa tu. Niliporudi nilikuta vitanda vimesimamishwa ukutani. Simu yake ilipotea kwenye kuhamahama huko. Mimi nilikuwa nimebadili laini, namba yangu mpya haikumkaa kichwani. Aliyokuwa nayo kichwani ni ya kaka yake mkubwa.

Nilifanya kama tangazo lilivyosema. Nikaandika jina lake, nikaandika namba ya kadi. Ikasema si sahihi. Nikadhani ni hivi vidole, vimezoea usukani. Nikamwomba mwenye steshenari aandike yeye. Si sahihi. Tukarudia, ikazima, na wote waliokuwa humo dukani wakanigeukia mimi. Nikaenda duka jingine. Nikaazima simu ya fundi gereji. Nikaenda sokoni. Kote nilikopita nimeacha watu wamekasirika, wanasema huyu mzee ana mkosi gani na mashine.

Hospitali nyingine nilikwenda mbili kwa miguu yangu. Mlinzi wa moja akaniambia, "Mzee, mambo ya kuulizana getini yamepitwa na wakati." Nilimpigia na shemeji, kaka mkubwa. Siku hiyo hata yeye hakujua. Alipokuja kujua, akawa hapokei simu yangu.

Sasa mke wangu yuko kwao. Walimchukua wao hospitali. Nilipokwenda, kaka mkubwa alinipokea uani. "Ulikuwa kwa nani wiki nzima?" Nikamwambia mashine ilinikataa. Akacheka mpaka akakohoa. "Wenzako wote wamewaona wagonjwa wao, mashine ikukatae wewe tu? Ina kisa gani na wewe?" Kumbe wale wenzangu walielekezwa na madereva wa ambulensi, kwa kujuana. Mimi sijuani na mtu, niko barabarani mwaka mzima. Mke wangu alikuwa amekaa ndani, mlango wazi. Alisema neno moja tu: "Kila kitanda kilikuwa na mtu wake." Hakunitazama.

Fundi, sitaki fidia na sitaki pole. Nauliza kitu kimoja. Hiyo mashine inakumbuka? Mtu akisimama mbele yake akaandika jina la mke wake, inabaki alama? Kama inabaki, niandikie nimpelekee kaka mkubwa. Kama haibaki, niambie tu, nijue nimebaki na mdomo wangu.

Breki. Ndivyo wanavyoniita. Sijawahi kugonga.

*

Jumatano, 20 Machi, bahasha hiyo hiyo

Waya,

Barua ya dereva nimeisoma kabla sijaifunga. Alinipa wazi, labda alitaka niisome.

Gereji. Sokoni. Jina la mwanamke mmoja. Nilipofika hapo nikaitafuta barua yako ya tarehe kumi na moja, nikaziweka mbili pamoja mezani, nikatoka nje kwenda kusimama kidogo.

Kikao kilifanyika. Mganga Mkuu alikutaja. Akasema, kwa kuwa mwenyewe hayupo, dada yake asimame kwa niaba yake. Nikasimama, Waya. Wakapiga makofi, nikainamisha kichwa kama bibi harusi. Barua yako ya "naomba asinitaje" ilifika jioni yake, na mimi nikafikiri, tazama mdogo wangu alivyokuwa mnyenyekevu.

Na mimi nina langu, sitakubebesha yote. Yule mwanamke nilimvalisha mwenyewe siku ya kuhama. Nilimwingiza kwenye gari, nikafunga mlango wa gari, nikamwambia dereva aende wapi. Nilikuwa nakijua hata kitanda alichowekwa. Mume wake alisimama mbele yangu siku baada ya siku, na mimi nikamwambia nenda kwenye mtandao. Si kwamba nilimshuku. Uso wake haukuwa wa mtu wa kumpiga mtu. Nilikuwa nimechoka na amri ilikuwepo, na amri inapumzisha. Mara ya mwisho aliniambia, "Sista, nimefanya vyote ulivyoandika." Nikamjibu, "Basi fanya tena."

Nikamtuma kwako ili umfungie nje.

Swali langu halihitaji mtandao. Ulijua lini?

Dada yako

*

Juu ya duka la rangi
Ijumaa, 22 Machi

Dada,

Nilijua siku nilipopata barua yako ya tarehe kumi na tatu. Ilinifikia Alhamisi mchana, kikao kilikuwa Ijumaa. Mwenye steshenari alipokamatwa shati ndipo nilipoelewa, na nilikuwa na usiku na nusu siku ya kumpigia Mganga Mkuu simu. Sikupiga. Nilinyoosha njia kimyakimya nikaita hitilafu ndogo.

Ilikuwa hivi. Nilipofungua anwani ya "dawati" sikutaka kusumbuliwa na vidole vyangu. Kwa hiyo kwenye sheria ya kuelekeza sikuandika "dawati". Niliweka nyota, alama ambayo maana yake ni neno lolote. Neno lolote litakaloandikwa mbele ya jina la hospitali, mpeleke mtu kwenye paneli. Na nikaiweka sheria hiyo juu kabisa. Seva husoma kutoka juu kushuka, na ikipata inayofaa haiendelei. "Wagonjwa" ilikuwa chini. Hakuna aliyefika huko. Ukurasa wangu ulifunguka hapa kwa sababu kompyuta yangu ilikuwa bado inakumbuka ilivyouona kabla ya nyota. Sikujaribu kwenye mashine nyingine hata moja. Ningejaribu kwenye simu ya muuza rangi hapa chini, ingenichukua dakika.

Na paneli ina visanduku viwili. Jina, na neno la siri. Walisoma tangazo lako, wakatii. Hakuna aliyekosea isipokuwa mimi.

Nimemwandikia Mganga Mkuu yote, pamoja na hili la kunyamaza. Nimemwambia kwamba wewe hukujua, kwa hiyo makofi yale hayakudhuru jina lako. Nimemwambia pia kwamba atafute hao watu wa tai, na kwamba nitawakabidhi funguo nikiwa hapo kwa miguu yangu, si kwa simu.

Hukuniuliza kama naona haya. Nashukuru hukuniuliza.

Ndani kuna barua ya kumpelekea mke wa dereva. Dereva aliomba iandikwe kwa kaka mkubwa, lakini aliyesubiri kitandani ni mke. Isome, uifunge, mpe Breki aipeleke. Asiifungue.

Waya

*

Ijumaa, 22 Machi

Mama Mshonaji,

Shikamoo. Mimi ndiye fundi wa ule ukurasa ambao mume wako aliambiwa akutafute humo. Anayeleta barua hii hajaisoma.

Mume wako aliuliza kama mashine inakumbuka. Inakumbuka. Kila aliyeandika jina kwenye kile kisanduku cha kwanza, jina lake limebaki, pamoja na saa na upande alikokuwa. Kisanduku cha pili haihifadhi, kwa hiyo namba ya kadi yako sina. Jina lako ninalo. Nimelisoma lote kuanzia mwanzo, na ndilo linalojirudia kuliko majina yote.

Alianza Ijumaa ya tarehe nane, asubuhi, steshenari ya getini. Siku hiyo hiyo alijaribu duka la pili na la tatu. Jumamosi alikuwa kwenye mtaa wa hospitali nyingine. Jumapili maduka yalikuwa yamefungwa, akatumia simu ya mtu. Jumatatu gereji, halafu sokoni. Aliendelea hivyo hadi Alhamisi, siku niliyoifungua njia. Baada ya hapo hayupo tena. Nadhani mashine ilikuwa imeshamkataa vya kutosha.

Haikumkataa kwa kosa lake. Nilikuwa nimeelekeza kila anayekuja kuwatafuta wagonjwa aende kwenye mlango wangu mwenyewe wa kuendeshea seva, kwa uvivu wa kuandika anwani ndefu. Mlango ule haukujui wewe. Unanijua mimi tu. Kila aliyekuja na jina la mtu wake aliambiwa si sahihi, na aliyerudia akafungiwa nje kama mwizi. Mume wako alirudia kuliko wote. Nilimwona akirudia. Nilifikiri ni mwizi, nikamfungia mtaa mzima, na nikamwandikia dada yangu barua ya kujisifu.

Kuna jambo moja zaidi, nililiona nilipokuwa nasoma. Jumatano, tarehe kumi na tatu, karibu na wakati wa maduka kufunga, kwenye kisanduku cha jina hakuandika jina lako. Aliandika: "mimi ni mume wake". Mashine ikamjibu si sahihi.

Kaka yako mkubwa akitaka kuniuliza, namba yangu nimeiandika nyuma ya bahasha. Nitapokea.

Fundi

*

Jumatano, 27 Machi

Fundi,

Marahaba. Barua yako nimeipata jana na leo imeletwa tena, maana kaka alikuwa ameichukua kwenda kuisoma peke yake. Ameirudisha, ameiweka mezani chini ya mkasi wangu. Sasa yuko nyuma ya nyumba anapasua kuni ambazo hatuzihitaji.

Sikuandikii kukusamehe. Hilo sijalifikia, nina mengine ya kufanya kwanza. Nakuandikia kukuambia ulichofanya, kwa sababu ulieleza cha mashine tu.

Hospitali niliyopelekwa, kitanda cha kulia kilikuwa na bibi mmoja aliyekuwa akitazamwa na wajukuu mpaka wanagombania kiti. Cha kushoto, dada aliyeletewa mito ya kwao. Mimi nilijifunika shuka uso wakati wa kutazamwa wagonjwa, nijifanye nimelala. Siku ya tatu yule bibi akaniuliza kwa upole, "Mwenzetu, wewe huna mtu?" Nikamwambia mume wangu amefariki. Nilisema hivyo, Fundi. Ilikuwa rahisi kuliko kusema hajaja. Akanishika mkono, akanipa pole, akawaambia wajukuu wake wanipe pole, na mimi nikapokea.

Kaka alipokuja nilisema mengine. Nilisema mume wangu amekuwa hivyo siku zote, barabarani ndiko kwake, huko ana watu wake. Sikuwa na ushahidi wowote. Miaka yote hiyo tumeishi hajawahi kunipa hata wa kudhania. Nilisema mbele ya wanangu, na mkubwa ameacha kumsalimu baba yake. Kile alichoambiwa uani, "ulikuwa kwa nani", hakikutoka kichwani kwa kaka. Kilitoka kwangu. Niliketi pale ndani nikamwacha kaka abebe maneno yangu, na mimi nikaonekana mwanamke mpole aliyeonewa.

Barua yako imemsafisha mume wangu. Mimi hainisafishi, na wala hukuandika kwa ajili hiyo.

Amekuja tena leo. Alileta barua jana akaondoka bila kuuliza imesema nini, leo amerudi, amekaa kwenye benchi nje kama mtu aliyeleta mzigo anasubiri kusainiwa. Hakuna aliyemkaribisha maji. Yeye anadhani tunaamua kama tumwamini. Hajui kwamba tumeshaamini wote, na kwamba ndani ya nyumba hii hakuna anayejua atoke vipi kumtazama.

Namwona hapa dirishani. Amevua kofia, ameiweka gotini.

Nilikuwa nimemaliza barua hii tangu pale niliposema hainisafishi. Haya mengine nayaongeza kwa sababu kalamu ikiwa mkononi sina haja ya kusimama. Gongo langu la kutembelea liko ukutani karibu na mlango. Nitaandika jina, nitakunja karatasi, nitachukua gongo.

Mshonaji